Mkubwa wa Posta na Faili Zake

Serikali ilikuwa imeisahau posta ya Butembo zamani, kabla hata ya vita. Kwa hiyo tulipomwita Mkubwa wa Posta tulikuwa tunamtania, naye alijua tunamtania, akaitika. Hakuwa na stempu, hakuwa na mifuko ya barua, hakuwa na mtu wa kumtuma. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kanisa letu, kompyuta iliyoingia kwa lori kupitia mpaka wa Kasindi, sahani kubwa ya chuma juu ya paa iliyotazama angani, na phonie, ile redio ya masafa ya mbali ambayo waya wake tuliufunga kwenye mkaratusi. Barua za ng'ambo zilipita kwenye sahani. Barua za Beni, Oicha na Mutwanga zilipita kwenye phonie, kwa mlio wa kukwaruza ambao kompyuta za huko ziliuelewa. Mimi nilikuwa daktilo, mpiga taipu. Watu walikuja na maneno yao mdomoni, mimi nikayapiga, yeye akayapeleka.

Namwandika kwa sababu wanaomkumbuka wanamkumbuka kwa siku moja tu, na mimi nilifanya kazi naye miaka. Hiyo siku pia nitaisema. Nitaisema bila machozi, na msidhani ni ushujaa. Miaka ile kitu fulani ndani yetu kilikufa ganzi, na changu hakijaamka vizuri.

Alikuwa mtu wa tai. Hata juma ambalo risasi zilisikika upande wa Rughenda na watu wakalala chini ya vitanda, asubuhi yeye alikuja amefunga tai, shati limepigwa pasi ya makaa. Mlangoni alivua viatu akavaa ndala, maana vumbi la Butembo, kwa maneno yake, lilikuwa adui wa mashine kuliko askari. Na kila aliyeingia alipaswa kuvua. Siku moja kamanda wa kundi lililoshika mji aliingia na buti zake, walinzi wawili nyuma.

"Mukubwa, buti," Mkubwa wa Posta akamwambia.

"Unasema nini?"

"Vumbi inaua mashine. Ukiiua, barua yako ya kwenda kwa bibi yako kule Kisangani itapitia wapi?"

Kamanda akafikiri kidogo, akainama, akavua. Soksi moja ilikuwa imetoboka kidole gumba. Mimi nilikuwa najiuma midomo nyuma ya taipu yangu, na alipoondoka ofisi nzima ilicheka mpaka mchungaji akatoka chumbani kwake kuuliza. Mkubwa wa Posta hakucheka. Alichukua fagio akafagia pale kamanda alipokuwa amekanyaga kabla ya kuvua.

Alikuwa Mkatoliki katika ofisi ya Waprotestanti, na hakuficha. Sala zetu za asubuhi zilimchosha. "Munamuelezea Mungu mambo kama vile hana habari," alizoea kusema. Lakini siku tuliyoruka sala kwa sababu ya haraka, ni yeye aliyenuna mpaka mchana. Ubahili wake wa maneno ulikuwa vivyo hivyo, wa upande mmoja. Phonie ilikuwa ya polepole na betri zilikuwa chovu, kwa hiyo aliweka sheria: salamu ni za mstari mmoja. Mtu akianza kutaja shangazi na wajomba, yeye alikohoa. "Mutasalimiana mukionana. Sema jambo." Hata hivyo, mama akija kuarifu kifo, Mkubwa wa Posta aligundua ghafla kwamba groupe, ile jenereta yetu, inahitaji mafuta ya mazutu, akatoka nje, na hakurudi mpaka mama yule awe amesema yote aliyotaka. Mimi nilipiga ukurasa mzima, naye aliupeleka bila kuukata.

Yeye mwenyewe hakuandika barua. Labda hicho ndicho kilikuwa kichekesho chake kikubwa. Mke wake alikuwa Oicha, kwa mama yake mzee na kakao zao kando ya msitu, na binti yao alisoma kwetu Butembo. Kila alipopata nafasi mke alipanda pickup ya Jumamosi hadi Beni, na kutoka Beni hadi kwetu. Njia ilikuwa na watu wa porini wenye silaha. Juma moja ilifunguka, juma moja ikafungwa. Mkubwa wa Posta alijua habari za njia kuliko sisi wote, kwa kuwa kila Ijumaa alikwenda parking kuongea na madereva. Basi yeye na mke wake walipatana hivi: njia ikiwa mbaya, ataandika. Jumamosi asubuhi mke angepita kwenye kibanda cha phonie pale Oicha kuuliza. Kama kuna barua, habanduki. Kama hakuna barua, njia ni nzuri, apande.

Niliwahi kumwambia mapatano hayo hayakunipendeza.

"Papa, si uandike pia kama njia ni muzuri?"

"Phonie si ya kusema niko muzima," akajibu. "Kuko batu banangoja pale inje na habari ya kifo. Mimi nichukue nafasi yao juu ya kumuambia bibi yangu kuya huku?"

Niliona ni jibu la mtu mwema. Bado naliona hivyo, na halinisaidii kitu.

Sasa niseme juu ya faili, maana bila faili hutamwelewa. Kompyuta inayopeleka barua haina akili ya kujua Oicha iko wapi. Inasoma amri. Barua ya Beni, ipitishe kwenye phonie ya Beni. Ya Oicha, phonie ya Oicha. Ya Mutwanga, phonie ya Mutwanga. Nyingine zote zilizobaki, zirushe angani kwenye sahani. Inasoma kuanzia ya kwanza, na amri ya kwanza inayoikubali barua ndiyo inayoichukua. Zinazofuata hazisomwi tena. Amri hizo unaweza kuziandika zote kwenye faili moja refu, au unaweza kuzigawa katika faili ndogo-ndogo, kila jambo na faili lake, na mashine ikaziunga yenyewe. Siku ya kuitayarisha, mashine ilimuuliza ni ipi anayotaka. Akachagua faili moja refu.

"Shamba yangu nataka kuiona yote nikisimama pale juu," alisema.

Enjinia wa Beni, kijana wa kwetu aliyesomea Kampala na aliyetunza kompyuta ya upande wa Beni, alimcheka. Walibishana miezi. Wakati ule sauti kwenye phonie ilikuwa bado inaruhusiwa, na kila jioni kabla ya kufunga tulisikia mabishano yenyewe yakikoroma.

"Papa, gawanya! Faili yako iko murefu sana, over."

"Inasomeka kuanzia juu mpaka chini, sawa misa. Yako haina kichwa haina mukia, over."

"Mais lakini kukiwa na kosa utaliona wapi? Over."

"Nitaliona. Macho ninayo. Over na kuzima."

Hakuliona. Siku alipoongeza jambo dogo la Mutwanga, alisahau kufunga mabano mahali fulani katikati ya faili lile refu, na mashine ikakataa kuamka. Si Mutwanga tu; yote. Uani watu walijaa, maana ndiyo siku wakimbizi wa Ituri walikuwa wanaingia Beni na kila mtu alikuwa anatafuta wa kwake. Alisoma faili kuanzia juu mpaka chini, akarudia, jasho likalowesha tai. Jua lilipoanza kushuka watu wakaanza kuondoka. Kuna mama mmoja alingoja mpaka mwisho, akaniambia basi, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda. Mkubwa wa Posta alimwona kupitia dirishani. Mabano aliyapata asubuhi ya pili, na mama yule hakurudi.

Enjinia hakumsimanga, alisema tu: "Ungegawanya, ungejua ni mutoto gani njo analia."

Neno hilo lilimwingia. Aliacha kubisha. Siku kadhaa alizunguka na kikombe cha chai mkononi bila kunywa, na mwisho akatangaza kwamba atagawanya, lakini kwa namna yake. Faili za kiwandani zilizokuja na mashine zilianza kwa namba, namba kubwa-kubwa mbele ya kila jina. Alizichukia. "Namba ni za bafungwa," alisema. "Mutoto hapewi namba." Na sisi Wanande tunajua watoto wanapewa nini. Mwana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Hata ukimkuta mtu njiani, ukisikia jina lake unajua wangapi walimtangulia. Basi amri ya Beni akaiita Mumbere. Ya Oicha, Kambale. Ya Mutwanga, Kasereka. Na ile ya mwisho, ya zote zilizobaki, ile ya kurusha angani, akaiita Kakule.

Tulifurahi sana. Mchungaji aliletwa kutazama, akasema hii sasa ni mashine ya nyumbani. Mimi nilizisoma kwa sauti kutoka kwenye kioo, Mumbere, Kambale, Kasereka, Kakule, na hakuna hata mmoja chumbani aliyeona kitu. Tungeonaje? Hakuna Mnande anayehitaji kuambiwa Mumbere ametangulia. Alimwandikia rafiki yake wa Kampala kujaribu, na mchana ule ule jibu likarudi. Tukapiga makofi. Ilikuwa Ijumaa.

Hakujaribu Oicha. Sauti kwenye phonie ilikuwa imepigwa marufuku majuma hayo, wenye bunduki wakisema tunauza siri zao. Ule mlio wa kukwaruza waliuacha kwa kuwa walidhani ni kelele za hewani tu. Kwa hiyo kumuuliza mtu wa Oicha kwa mdomo kama amepata haikuwezekana. Ila angeweza kupeleka barua ya kujaribu na kungoja mashine ya huko ijibu. Alisema betri zipumzike.

Baadaye alasiri alirudi kutoka parking akitembea haraka kuliko kawaida. Madereva walikuwa wameona watu wa porini kati ya Oicha na Beni, na wengine walikuwa wamekataa kwenda. Mikono yake ilikuwa na mazutu, kwa hiyo akasimama nyuma yangu nikampigia.

"Andika: Usitoke. Njia mubaya. Ngoja barua ingine."

"Salamu?"

"Hapana salamu. Peleka."

Nilipeleka. Mashine iliandika kwamba imetumwa. Alilisoma neno hilo mwenyewe, akiinama juu ya bega langu, akaridhika, akanawa mikono, akafunga chumba.

Jumamosi asubuhi mke wake alipita kwenye kibanda cha phonie Oicha, akauliza kama kuna kitu. Mtu wa pale akamwambia hakuna kitu. Akamshukuru, akaenda kupanda pickup. Watu wa porini waliichoma pickup kabla haijafika Beni, naye hakupona. Nasema hivi kwa ufupi kwa sababu ndivyo ilivyotufikia, kwa ufupi, Jumatatu, kinywani mwa mtu wa pikipiki aliyekuwa bado amevaa kofia yake ya baridi. Mkubwa wa Posta alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama amepata chai. Mimi nilikuwa napiga orodha ya mahitaji ya shule ya Jumapili, na nikaimaliza. Nakumbuka niliona haya kwamba sihisi kitu.

Enjinia alikuja kutoka Beni kuhani msiba na kwa sababu nyingine: tangu Ijumaa Beni haikuwa imepata hata barua moja kutoka kwetu, naye alidhani tumeishiwa mazutu. Wakati ule kimya hakikumshtua mtu, kilikuwa kama mvua. Aliketi mbele ya kioo na tai yake nyeusi ya msiba, akatazama majina yale, akatabasamu kwanza, kisha tabasamu likakauka.

"Papa," akasema polepole, "mashine inaunga hizi faili kwa kufuata nini?"

"Kwa kufuata kuzaliwa. Mumbere, Kambale..."

"Hapana, Papa. Inafuata alfabeti. Juu ya ile njo batu ba kiwanda balitia namba."

Mkubwa wa Posta alisimama akitazama kioo. Niliona midomo yake ikipanga herufi. Kakule anatangulia. Kisha Kambale, kisha Kasereka, na Mumbere mwisho kabisa. Amri ya zilizobaki ilikuwa imesomwa kwanza, ikachukua kila barua, ya Beni, ya Oicha, yote, ikairusha angani kwa watu wa ng'ambo wasiojua Oicha ni nini.

"Donc Kakule alikamata yote," akasema.

"Yote, Papa."

"Na yangu."

Enjinia akasimama, akampisha kiti. Barua yenyewe ilirudi siku hiyo hiyo tukiwa chumbani, mashine ya ng'ambo ikisema kwa Kiingereza kwamba haikuweza kufikishwa. Mkubwa wa Posta aliisoma, akaifunga. Alasiri hiyo, peke yake, alirudisha amri zote kwenye faili moja, na kesho yake akasafiri kwenda kuzika.

Aliporudi kila mtu alimwambia neno lile lile. Padri alilisema katika misa, mchungaji wetu alilisema akimshika mabega, Enjinia alilisema kila alipopata nafasi: ni vita, Papa, ni vita. Nami nililisema, kwa kuwa ndilo lililokuwepo la kusema. Yeye aliitika "ndiyo" kwa adabu. Aliendelea na kazi miaka mingine, na tai, na ndala. Kitu kimoja kilibadilika: hakukata tena salamu za mtu. Watu walitaja shangazi zao mpaka betri zikalala, naye akakaa tu. Simu za mkononi zilipofika milimani kwetu, posta yetu ilikufa bila mazishi. Sahani ilishushwa, na yeye akahamia Mutwanga, ambako binti yake alikuwa ameolewa.

Miaka mingi ilipita nikienda na kurudi Mutwanga kwa mambo ya ukoo wa mume wangu bila kumtafuta. Nilisema sina nafasi. Mara ya mwisho nilijilazimisha, nikamwambia mtu wa pikipiki asimame. Binti yake alinipokea mlangoni, sasa mama mzima mwenye mtoto mgongoni. Akashusha sauti.

"Mama, atafurahi. Mais usishangae akikuacha kwa meza. Tangu ile wakati Papa hakulaka chakula na mutu. Hata na sisi, hapana. Anabebaka sahani yake, anaenda kwa jikoni."

Nilimkuta uani akigeuza kakao juu ya turubai, shati safi, shingo haina tai. Tulisalimiana kirefu. Tuliongea juu ya bei ya kakao, juu ya walioondoka, juu ya Enjinia ambaye sasa ana mvi. Binti alikuwa anaweka meza. Halafu, bila kubadilisha sauti, mzee akaniuliza:

"Mama, wewe ulikuwa pale. Ni nini iliua bibi yangu?"

Neno lile, ni vita, lilikuja ulimini lenyewe, tayari. Nikamtazama, nikaona analingoja, na uso wake umeshajipanga kulipokea kwa adabu kama alivyolipokea kwa watu wote. Sikuweza. Nilihisi hasira, hasira ya kweli, ya moto, na ilinishangaza maana nilikuwa nimesahau inavyokuwa.

"Bale ba pori njo balimuua," nikasema. "Mais barua ni wewe. Ulibadilisha mambo siku ya Ijumaa, hukujaribu Oicha, ukafunga mulango. Barua ni wewe uliipoteza, Papa."

Binti alisimama na sufuria mkononi. Kuku walikuwa wanaparua. Mzee akaketi taratibu ukingoni mwa turubai, akaweka viganja juu ya magoti.

"Wasingya," akasema kwa Kinande. Asante. Kisha tena, "Wasingya, mama. Bote banasemaka vita. Vita haikukamata ile clavier ya mashine. Nilikuwa nasema labda mimi njo wazimu, juu niko naona peke yangu."

Alilia, na mimi nikalia, wa kwanza nikiwa mimi. Binti hakujua amshike nani. Hatukukaa hivyo sana. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akasimama akiegemea bega langu, akamgeukia binti yake.

"Leta bukari kwa sahani moja. Tutakula na huyu mama."

Tukanawa. Akamega tonge la kwanza la ugali, akanisukumia upande wenye samaki, na tukala, yeye akila haraka kama mtu aliyetoka safari, mpaka binti akaenda kuongeza.